Shanga za Kioo za Unguja Ukuu Zilitoka Wapi?

Swali: Mhariri, nimesikia kwamba shanga za kioo zilizochimbuliwa Unguja Ukuu zililetwa kutoka Sri Lanka na nchi za Ghuba. Shanga hazina maandishi wala nembo. Wataalamu wamejuaje, na je, tuwaamini?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Tuwaamini, lakini kwa mpaka. Umbo na rangi havitoshi kuwa ushahidi, kwani mitindo iliigwa, na ndiyo maana wataalamu huchunguza kioo chenyewe. Kioo cha kale kilipatikana kwa kuyeyusha mchanga pamoja na kitu chenye sodiamu cha kuushusha joto la kuyeyukia, na kila nchi ilikuwa na desturi yake: mafundi wa Mesopotamia (Iraki ya leo) na Uajemi walichoma mimea ya nyika zenye chumvi wakatumia majivu yake, ilhali wale wa Sri Lanka na India Kusini walitumia magadi ya ardhini na mchanga uliomomonyoka kutoka kwenye mawe ya itale (graniti). Majivu huacha ndani ya kioo magnesiamu na potasiamu, kwa kawaida zaidi ya asilimia 1.5 ya oksidi ya kila moja. Mchanga wa itale huacha alumini nyingi. Elementi zilizomo kwa uchache mno, kama vile urani na bari, husaidia kutenganisha hata vioo vya sehemu mbalimbali za Bara Hindi.

Kipimo chenyewe hakiharibu ushanga. Mwali wa leza hung'oa chembe ndogo isiyoonekana kwa macho, kisha mashine hupima uzito wa atomi zake na kutaja makumi ya elementi kwa mara moja.

Shanga za karne ya 7 hadi ya 10 kutoka Unguja Ukuu na Fukuchani, makazi mengine ya kale kisiwani Unguja, zilipopimwa hivyo, yalijitokeza makundi makuu mawili: kioo cha magadi cha Sri Lanka, na pengine cha India Kusini, na kioo cha majivu, ambacho sehemu yake inafanana na kile cha Wasasani, ukoo wa kifalme uliotawala Uajemi kabla ya Uislamu, na pia na shanga za wakati huo zilizofika kusini mwa Afrika.

Hapo ndipo penye mpaka niliousema. Kemia hueleza kioo kiliyeyushwa wapi kwanza. Haisemi nani alikipakia chomboni, wala kama shehena ya Sri Lanka ilipitia kwanza bandari kama Siraf, kwenye pwani ya Uajemi katika Ghuba. Tena kioo huyeyushwa upya. Katika makazi ya kale yaitwayo K2, karibu na mto Limpopo huko Afrika Kusini, wenyeji wa karne ya 11 na ya 12 walichukua shanga ndogo zilizotoka ng'ambo, wakaziyeyusha katika kalibu za udongo na kupata shanga nene za mtindo wao. Ukiipima moja kwa leza, itakutajia Asia, nawe ungekosea kabisa kumtafuta fundi wake huko, kwani kilichomtambulisha ni vipande vya kalibu vilivyochimbuliwa palepale.