Uliza Tukujibu: "Salamat" ya Wafilipino ni salama yetu?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mimi ni Mtanzania niko Doha nafanya kazi jikoni hotelini, wenzangu wengi ni Wafilipino na kila nikimpa mtu kitu ananiambia "salamat" au "salamat po". Mi nasema hiyo ni salama yetu, wao wanabisha eti ni Kihispania maana walitawaliwa na Wahispania. Nani yuko sahihi? – Msomaji wa kike, Doha

JIBU: Dada, sikio lako halikukudanganya. Ni Kiarabu, ile ile salama tuliyoichukua sisi Pwani, ila Watagalog, Wafilipino wenye lugha ya Kitagalog, wameipata kwa Wamalay wanaosema selamat. Kimalay ndo kilikuwa lugha ya biashara visiwa vyote vile, na Wahispania walipoingia Manila 1570 walimkuta mtawala Muislamu, Raja Sulayman.

Ushahidi ninaoupenda ni hiyo "t" ya mwisho. Kwa Kiarabu neno hilo linaishia na herufi iitwayo taa marbuta, ukisimama hapo t haisikiki, ukiunganisha na neno linalofuata inasikika. Sisi tukalichukua bila t, Wamalay wakaibeba, na sio hapo tu, angalia: sisi kiama wao kiamat, sisi ada wao adat, sisi neema wao nikmat, sisi baraka wao berkat! Kwa hiyo ukiiona t hiyo kwenye neno la Kitagalog lenye asili ya Kiarabu, pitia kwanza kwa Mmalay.

Maana ndo imehama. Kwa Wamalay bado ni usalama, na pia wanasalimiana nayo, selamat pagi asubuhi, selamat jalan kwa anayesafiri. Kwa Wafilipino ikawa asante, na mimi naona inaeleweka kabisa, aliyekutendea wema unamtakia salama. Hiyo "po" ni ya heshima tu. Halafu kule kusini Sulu, Watausug ambao ni Waislamu mpaka leo wanasema magsukul, humo ndani kuna shukuru yetu.

Kihispania nacho kipo kwao tele, mfano mesa, ambayo sisi tuliipata kwa Wareno ikawa meza, lakini salamat haimo. Waulize pia hakimu wanamwitaje, watakwambia hukom, na hiyo ni hukumu iliyopita njia hiyohiyo ya Kimalay.