Lile bati la asbesto, nyundo weka chini

Mwaka 2009 tulikwenda Wete kubadilisha paa la nyumba ya marehemu bibi, vijana sita hivi na fundi mmoja, na bati lenyewe lilikuwa lile la zamani la kijivu, nene, la mawimbi, ambalo mvua ikinyesha husikii kelele kama za bati za kawaida, na ndani kunakuwa baridi. Bibi alikuwa akilisifu sana. Sasa sie kulifungua bolti moja moja tuliona kazi, tukachukua nyundo tukalipasua humo humo juu, vipande vinaanguka chini puuu, vumbi mpaka kwenye kope, tunachekana eti tumekuwa mizuka. Watoto wakaokota vipande wakachorea chini mistari ya mchezo wao wa kuruka, maana vinaandika kama chaki. Vilivyobaki vizima vizima binamu yangu akavichukua akajengea banda la kuku.

Hakuna aliyetwambia kitu. Na mie jina asbesto nilikuwa nalijua ila kwangu lilikuwa jina la bati tu.

Nimekuja kulijua vizuri kwa ami yangu. Ami alikuwa baharia, mtu wa chumba cha injini, kwenye meli za mizigo miaka ya 70, akaacha bahari 1981 akarudi Unguja akafungua duka. Mule ndani, alivyokuwa akihadithia, mabomba ya mvuke yalizungushiwa kitu cheupe kama bandeji kuzuia joto, na bomba likiharibika wanakibandua kwa mikono, unga unashuka kama wa ngano. Hicho kitu kilikuwa asbesto. 2014 akaanza kukosa pumzi, kupanda ngazi tu anakaa kitako, mara kifua kinauma upande mmoja, anakonda. Hospitali ya kwanza wakamuanzishia dawa za TB, akazinywa wee hali haibadiliki. Maji yakajaa upande wa pafu, yakitolewa kwa sindano baada ya siku chache yamerudi. Mpaka Dar daktari mmoja akamuuliza, mzee ujanani ulifanya kazi gani? Swali dogo hilo, hakuna aliyewahi kumuuliza. Wakakata kinyama wakapima, ikaja mesothelioma, kansa ya ule utando unaofunika pafu (inashika na utando wa tumbo pia). Hakumaliza mwaka.

Hesabu mwenyewe, 1981 mpaka 2014. Ndio tabia ya ugonjwa huu, unakaa miaka 20, 30, 40 na zaidi kimya. Asbesto ni jiwe lenye nyuzi, na likivunjwa zinatoka nyuzi nyembamba ambazo kwa jicho huzioni, ukizivuta zinaingia ndani kabisa na mwili hauwezi kuziyeyusha. Ami hajawahi kuvuta sigara maisha yake, na watu msibani wakawa wanashangaa, lakini mesothelioma haitokani na sigara. Ila mvutaji aliyevuta na asbesto anajitafutia kansa ya pafu lenyewe, hapo viwili vikikutana hatari inapanda mara nyingi.

Na si lazima uwe mfanyakazi. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake Afrika Kusini waliandika habari za wagonjwa 33, wengi wa sehemu zenye migodi ya asbesto kule Cape, na baadhi yao mgodini hawakuwahi kufanya kazi, walikaa jirani tu utotoni. Kuna wake za wafanyakazi walioumwa kwa kukung'uta na kufua nguo za waume zao.

Sasa msinielewe vibaya mkaanza kukimbia nyumba. Bati likiwa zima, halijapasuka, limekaa juu huko, liache. Kinachoua ni vumbi. Na siku moja ya vumbi si kama miaka kumi kwenye meli, ingawa hakuna kiwango utakachoambiwa hiki ni salama. Kwa macho huwezi kuhakikisha pia, kwa hiyo bati la zamani la namna ile lichukulie ni asbesto mpaka lipimwe. Usilitoboe kwa drili, usilipige msasa, usilisugue kwa brashi ya chuma eti upake rangi.

Kama lazima litoke, waulizeni kwanza ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, na mtafute mtu anayeijua kazi. Bati linaroweshwa maji, linafunguliwa bolti, linashushwa zima taratibu, linafungwa kwa nailoni nzito mara mbili. Zile barakoa za bluu za wakati wa korona hapa hazisaidii kitu, wala kitambaa. Ufagio mkavu usiguse, futa kwa kitambaa kibichi nacho ukifunge kwenye mfuko. Na watoto wawe mbali, sio kama sie.

Wazee waliofanya kazi melini au kwenye gereji za zamani (breki nazo zilikuwa na asbesto, na mafundi walikuwa wakizipuliza kwa upepo), wakikosa pumzi mwambieni daktari ile kazi hata asipouliza.

Wiki iliyopita nimempigia binamu, banda bado lipo. Akanambia basi kesho analivunja. Nikamwambia yakhe, hebu ngoja, nyundo weka chini, nakuja Ijumaa.