Kona ya Magemu: Saa nne ya lida na saa nne yetu

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote ni ugomvi, nani kachiti, nani katolewa kwenye klani, nani kaliwa hela. Nimechagua tano. Majina nimeyatoa, na we ukimtambua jirani yako humu nyamaza tu.

Anko shikamoo. Nacheza Clash of Clans, lile gemu la vita la kwenye simu, klani yetu (kikundi chetu cha wachezaji) ilianzia hapa Kijenge ila sasa tuna watu wa Moshi, Nairobi na mmoja yuko Omani. Ijumaa tulikuwa vitani, lida akaandika kwenye grupu "kila mtu shambulio la kwanza kabla ya saa 4, asiyefanya anatoka". Mi nikatoka kazini, saa mbili usiku niko hom, nikampiga namba 7 wa maadui, yule aliyekuwa wa ko-lida, msaidizi wa lida, maana nilimwona kakaa tu hajaguswa, nikapata nyota tatu zote. Dakika tano mbele nimetolewa! Kumbe lida alimaanisha saa 4 ya kwenye simu yake, yaani saa kumi jioni, ye anaendesha watalii kwa hiyo saa zake zote za kizungu. Nyota zangu wamebaki nazo. Tunamripotije kwa kampuni? – Chalii wa Kijenge

Marahaba chalii. Kuripoti acha, utachoka bure. Supercell wako Helsinki huko Finland, gemu wamelitoa 2012, na wanachohangaika nacho ni watu wanaotumia programu za kucheza zenyewe, modi yaani gemu lililochezewa, na wanaouza na kununua akaunti. Lida kumtoa mtu kwenye klani ni batani aliyopewa na gemu lenyewe. Akitaka anakutoa kwa sababu hapendi picha yako ya profaili, na hakuna wa kumuuliza.

Ila haki ni kitu kingine na hapo ndo nataka tukae kidogo. Sheria ya gemu inajulikana, vita vya kawaida ni siku ya kujiandaa halafu siku ya kupigana, kila mtu ana mashambulio mawili, basi. Haisemi upige saa ngapi. Hiyo "kabla ya saa 4" ni sheria ya klani yenu, na sheria ya watu wenyewe lazima wote waielewe sawa kabla ya kuanza, si baada ya mtu kukosea. Nenda pale kijiwe chochote cha drafti, wazee wanapanga vizibo huku wanaulizana, kingi anaruka mbali au anatembea hatua moja, kula ni lazima au hiari, wakishakubaliana ndo mtu anasogeza kete. Na bado wanagombana, lakini angalau wanagombana juu ya kitu kilichosemwa.

Sasa "saa 4" kwa Mswahili ni mbili tu, ya asubuhi na ya usiku. Saa kumi jioni kuiita saa nne hiyo ni saa ya kwenye ratiba ya mgeni anayechukuliwa hotelini, lida wako kashazoea kuongea na wageni akasahau anaongea na sisi. Kosa la kwanza ni lake, na kukutoa bila hata kukuuliza "vipi we" ni kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Lakini umepita haraka haraka pale kwenye namba 7, nimekuona. Umeandika mwenyewe kwamba alikuwa wa ko-lida. Kama mlishagawana namba basi ulichukua windo la mwenzako, na nyota tatu hazilifuti hilo, maana ko-lida labda alikuwa bado anajipanga na we umemwacha amebaki na adui ambaye hakujiandaa kumpiga. Mi nadhani hata hiyo saa ni kisingizio, kilichowauma ni namba 7. Mtumie lida meseji yeye peke yake siyo kwenye grupu, anza na kosa lako la namba, halafu ndo uje kwenye saa. Na mkirudiana acheni kutaja saa kabisa, semeni "masaa kumi kabla vita haijaisha", gemu linahesabu kurudi nyuma na hesabu ni ileile kwenye simu ya Kijenge na ya huyo wa Omani ambaye saa yake iko mbele yetu kwa lisaa limoja.

Habari za kazi. Mi na kaka yangu tunacheza Travian, lile gemu la mtandaoni la kujenga vijiji na kuvamiana, tunatumia waifai moja hapa nyumbani Pasua. Yeye akienda shamba kule juu siku mbili tatu naingia kwenye akaunti yake kwa paswedi yake, namlimia vijiji vyake, na ngano yake ikizidi natuma kwangu isipotee. Sasa tumeadhibiwa wote wawili, wanasema ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili. Si uonevu huu? – Dada mtu, Moshi

Dada, pole, lakini hapana. Kwanza elewa kila gemu lina kwake. Kwenye Clash of Clans hata ukiwa na akaunti nne kwenye simu moja hakuna shida, gemu lenyewe limekuwekea njia ya kuhama toka moja kwenda nyingine. Travian, la Wajerumani wa Munich, toka 2004, wao ni mtu mmoja akaunti moja kwenye kila seva, yaani kila dunia ya gemu. Sababu inaeleweka ukiifikiria kidogo, gemu lote ni mbao, udongo, chuma na ngano, sasa mtu mmoja akifungua akaunti kumi zote zikamlisha ya kumi na moja, jirani yake anayelima kwa jasho atashindana na nini?

Na wale wanaofanya msako, wana jina lao kabisa, Multihunter, hawaoni kwamba we ni dada na yule ni kaka. Wanaona akaunti mbili mahali pamoja, paswedi moja mkono mmoja, ngano inaenda upande mmoja tu. Hata mi ningesema ni mtu mmoja.

Waifai siyo kosa. Kosa ni paswedi na ngano. Kaka akisafiri akuweke kuwa mwangalizi, wenyewe wanaita sitter, kila akaunti inaruhusiwa kuwa nao wawili, unaingia kwa paswedi yako mwenyewe na mfumo unajua ni wewe. Au vunjeni akaunti moja mcheze moja wote wawili, hiyo inaruhusiwa kabisa ilimradi asiwepo kati yenu mwenye nyingine kwenye seva hiyohiyo. Waandikieni, elezeni ukweli wote pamoja na ngano, msifiche ngano, wanaiona.

Bro nilinunua jemu za Clash of Clans, ile pesa ya ndani ya gemu, nusu bei kwa jamaa mmoja mwenye kibanda cha simu, akaingia kwenye akaunti yangu akaziweka, fresh. Wiki mbili baadae jemu zangu zinasoma hasi. HASI! Nimeibiwa au? – wa Sakina

Umeibiwa ndiyo, ila na we umekula cha wizi bila kujua, au kwa kujua kidogo, maana nusu bei ilitakiwa ikuwashe. Wengi wao wananunua kwa kadi ya mtu mwingine, au wananunua halafu wanadai pesa irudishwe. Pesa ikirudi kampuni inachukua jemu zake, na kama umeshazitumia hesabu inashuka chini ya sifuri. Wanaweza pia kuifunga akaunti moja kwa moja. Badilisha paswedi ya imeili leo hii, kabla hata hujamaliza kusoma ukurasa huu, kwa sababu jamaa bado anayo.

Na kwenye klani usijitetee sana. Kuna mwenzako hapo amejenga ukuta uleule kwa miezi.

Anko, niko form three Moshi. Tunacheza chesi na wenzangu kwenye Lichess, ile tovuti ya chesi, juzi nilifungua Stockfish, injini yaani programu ya kompyuta inayotafuta muvu bora, kwenye muvu moja TU, nikashinda. Muvu moja nayo ni kuchiti?

Ndiyo mwanangu. Kompyuta ilimfunga Kasparov 1997 akiwa bingwa wa dunia, na za sasa ni kali kuliko ile kwa mbali, kwa hiyo muvu moja mahali penyewe inatosha kumaliza gemu. Lichess ni ya bure toka Mfaransa mmoja aianzishe 2010, haina hata tangazo, na hiyo Stockfish wamekuwekea humohumo, ukimaliza gemu fungua uchambuzi ujifunze ulipokosea hadi usiku wa manane. Katikati ya gemu ndo hapana. Hata zile gemu za siku kadhaa kwa muvu moja, kitabu cha ufunguzi ruksa, injini marufuku.

Mwambie uliyemfunga. Atakucheka wiki nzima halafu mtarudiana.

Ni halali kumvamia mtu saa nane usiku kalala? – Mwenye usingizi, Njiro

Halali. Kwenye Travian jeshi linasafiri, likitoka mbali ni masaa, na ukifungua unaliona linakuja, kwa hiyo kabla ya kulala angalia, kama kuna linalokuja toa askari wako nje ya kijiji na mali ifiche. Mi mwenyewe nimevamiwa saa kumi alfajiri na mtu ambaye asubuhi yake tulikuwa tunakunywa naye chai.