Milima bila magari: jaribu korongo la Nesque

Mkuu, umeuliza njia ya milima ya kuendesha baiskeli kusini mwa Ufaransa isiyo na fujo ya magari, na umetaja mlima Mont Ventoux. Kiangazi kule juu ni msongamano mtupu. Mimi ningekupeleka jirani yake: korongo la Nesque, barabara ya D942 kutoka Villes-sur-Auzon kwenda Sault. Wenye haraka hukatiza kwa barabara ya D1, kwa hiyo hii wamekuachia wewe.

Inapanda taratibu, karibu kilomita 20, hadi mahali pa kutazamia mandhari kwenye mwinuko wa mita 734. Gia nyepesi, pumzi unabaki nayo, hata stori mnapiga. Korongo liko mkono wako wa kulia, upande uleule unaoendeshea, basi ukitaka kuchungulia chini simama kwanza! Kuna vihandaki vifupi vilivyochongwa kwenye mwamba. Miwani ya jua vua, taa ya nyuma washa.

Maji jaza chupa mbili Villes, maana njiani hakuna duka mpaka karibu na kijiji cha Monieux. Ukienda katikati ya Julai, mashamba ya lavenda ya Sault yatakuwa yamechanua. Kurudi, geuza tu njia ileile, sehemu kubwa ni mteremko.