Pini ya rodi ya gia imegoma kutoka: nifanyeje?

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Ninabadilisha sahani ya klachi katika gari langu la gia za mkono, Honda Civic ya miaka ya 1990. Ekseli zimetoka, stata imetoka, na bolti za giaboksi zimebaki mbili tu. Kilichonikwamisha ni pini moja fupi inayounganisha rodi ya gia na shafti inayoingia ndani ya giaboksi. Nimeigonga kwa siku mbili nikiwa nimelala chini ya gari: panchi (kifimbo cha chuma cha kuipigia pini) ya kwanza imepinda, ya pili ikanasa ndani ya pini hadi nikaichomoa kwa plaizi, na sasa ncha ya pini upande wa chini imefumuka kama uyoga. Rafiki mmoja ananishauri niipashe moto hadi iwe nyekundu, mwingine anasema niikate rodi kisha niiunganishe tena kwa kuchomelea. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba uuache ushauri wote wawili, kwa sababu pini hiyo bado inaweza kutoka bila kuharibu kitu chochote. Kwanza tuielewe pini yenyewe, kwani mengi yaliyokupata yanatokana na umbo lake.

Pini hiyo haikujaa chuma. Ni bati nene la chuma cha springi lililoviringishwa likawa bomba dogo, likaachwa na ufa upande mmoja, mfano wa kipande cha mwanzi kilichopasuliwa kwa urefu. Kabla ya kufungwa huwa nene kidogo kuliko tundu lake, ambalo katika gari lako ni la milimita 8. Inapopigwa kuingia, ule ufa hujibana, na kuanzia hapo pini hukaa ikisukuma kuta za tundu kwa nje muda wote. Ndiyo maana haina nati wala uzi wa bolti na bado haitoki kwa mtikisiko wa barabara. Sasa ongeza kutu. Chuma kinapogeuka kutu huchukua nafasi kubwa kuliko ile kilichokuwa nayo, kwa hiyo maji yanayojificha chini ya kifuniko cha mpira kinachoifunika pini hayaishii kuila pini tu, bali huijaza vumbi gumu linaloikaba kutoka nje na kutoka ndani.

Hapo utaona kwa nini panchi yako ya pili ilinasa. Ilikuwa nyembamba mno, ikaingia katika uwazi wa katikati ya pini na kufanya kazi ya kabari: kila pigo lilizidi kuitanua pini ndani ya tundu, na wewe ukazidi kuifunga huku ukidhani unaifungua. Panchi inayofaa kwa tundu la milimita 8 ni ya milimita 7.5 hivi, yenye uso bapa unaokaa juu ya ukingo wote wa pini, na iliyo bora zaidi ni ile yenye kichuchu kidogo katikati ya uso wake, kinachoingia katika uwazi wa pini na kuizuia panchi isiteleze. Uwe nazo mbili: moja fupi na nene ya kuianzisha pini, nyingine ndefu ya kuimalizia. Panchi ndefu ikitumiwa tangu mwanzo hutetemeka na kupinda, kama ilivyopinda ile yako.

Habari njema ni kwamba pini ya aina hii haina upande wa kuingilia wala wa kutokea. Kwa kuwa ncha ya chini imefumuka, usiendelee kuilazimisha ipite katika tundu lililo dogo kuliko yenyewe. Igonge kutoka upande wa juu, ili ncha iliyofumuka itangulie kutoka nje mahali ambapo haina kizuizi. Kama huku juu hapana nafasi ya kupiga nyundo, fungua sehemu ya mbele ya bomba la ekzosi, na ujaribu pia kuisogeza shafti kwa kuingiza gia mbalimbali, kwa sababu huingia na kutoka kidogo na pia huzunguka kulingana na gia iliyochaguliwa; mara nyingine mzunguko mdogo hukupa pembe uliyokuwa ukiitafuta. Ikibidi kabisa kupiga kutoka chini, chukua tupa ndogo uuondoe ukingo wote uliofumuka hadi ncha ya pini iwe sawa na uso wa shingo ya rodi, yaani ile ncha ya rodi inayoivaa shafti. Kazi hiyo inachosha mikono, lakini usiiruke.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalitilia mkazo kuliko yote, kwa maana ndilo linalowashinda watu wengi wenye panchi nzuri na mikono yenye nguvu. Rodi ya gia inaning'inia. Ukiipiga pini, rodi na shafti hukimbia pamoja na pigo, kisha hurudi, na nguvu ya nyundo huishia katika kuyumba huko badala ya kuisukuma pini. Mbaya zaidi, sehemu ya pigo hilo husafiri kwa njia ya shafti hadi kwenye sili ya mafuta na kwenye uma za gia zilizo ndani ya giaboksi, vitu ambavyo hukukusudia kuvigusa hata kidogo. Mtafute mtu wa kukusaidia ashike kipande kizito cha chuma, au nyundo ya kilo 2, akigandamize kwenye shingo ya rodi upande ule ambao pini itatokea, pembeni kidogo ya tundu ili pini ipate njia. Kisha piga mapigo machache, mafupi na yaliyonyooka, kwa nyundo ya wastani.

Sikiliza sauti. Rodi isiposhikiliwa, pigo husikika butu na mkono wako huhisi mrudisho; ikishikiliwa vizuri, sauti huwa kavu na fupi. Pini inapoanza kusogea, sauti hiyo hubadilika tena, na utaona unga mwekundu wa kutu ukimwagika kutoka ukingoni mwa tundu. Huo unga ni ishara ya kuaminika. Ukiuona, usiongeze nguvu. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, ngoja, kisha endelea.

Kuhusu mafuta hayo, yanahitaji muda kuliko yanavyohitaji wingi. Nyunyiza ncha zote mbili jioni, gonga pini kidogo ili mtikisiko uyafungulie njia, rudia kabla ya kulala, na uanze kazi asubuhi.

Zana ninayoipenda zaidi kwa mahali finyu kama hapo haihitaji nyundo kabisa. Chukua jiliwa ya mkono yenye umbo la herufi C, iliyo imara. Upande mmoja weka soketi ndogo ya spana ambayo tundu lake linatosha kuipokea pini. Upande wa pili, kati ya parafujo ya jiliwa na pini, weka kipande kifupi cha chuma kigumu chenye unene wa milimita 7 hadi 7.5. Kaza polepole. Nguvu yote hubaki ndani ya jiliwa, kati ya pini na shingo ya rodi, na giaboksi haihisi chochote. Pini ikigoma, iache jiliwa ikiwa imekaza, ipige kidogo shingo ya rodi kwa nyundo, kisha kaza tena. Nimeziona pini nyingi zikiachia kwa mlio mmoja mkali katika hatua hiyo, kwa hiyo weka uso wako pembeni na uvae miwani ya kukinga macho.

Moto siupi ruhusa ya bure. Tundu la milimita 8 likipata joto la nyuzi 200 zaidi hupanuka kwa karibu milimita 0.02 tu, na pini nayo hupanuka joto hilo likiifikia. Faida ya moto ni ndogo, na inatokana zaidi na kuivunja kutu. Hasara yake iko jirani: sili ya mafuta, kifuniko cha mpira, bushi za plastiki, na mafuta yenyewe uliyonyunyiza, ambayo yanashika moto. Ukilazimika kuutumia baada ya njia nyingine kushindwa, futa mafuta yote, pasha shingo ya rodi peke yake kwa muda mfupi, na usifike kwenye wekundu.

Kutoboa kwa drili nako si rahisi kama kunavyosemwa. Chuma cha pini kimetiwa ugumu, na keekee, yaani ncha ya drili inayotoboa, hunaswa na ule ufa na kuvunjika. Ukibaki na keekee iliyovunjikia ndani ya pini, tatizo lako limekuwa mawili. Kabla ya kufika huko, tazama upande wa pili wa rodi, chini ya fimbo ya gia, ambapo imeshikwa kwa bolti. Ukipata nafasi ya kutosha, fungua hapo, fungua pia kishikizo cha rodi ya pili iliyo sambamba nayo, na uishushe giaboksi pamoja na rodi yake. Kazi ya pini utaifanya mezani, rodi ikiwa ndani ya jiliwa kubwa, mahali unapoona unachokifanya. Kuikata rodi na kuichomelea ni kukubali kupoteza unyoofu wake, na gia zako zitakukumbusha kila siku.

Hakikisha gari limesimama juu ya stendi imara na si juu ya jeki, hasa kwa kazi hii ambayo inalitikisa.

SWALI LA PILI: Pini ikishatoka, je, ninaweza kuweka bolti na nati badala yake? Msomaji yuleyule.

JIBU: Hapana. Bolti inayopita katika tundu bila kusukuma lazima iwe na nafasi kidogo, na nafasi hiyo, ikizidishwa na urefu wa fimbo ya gia, utaihisi mkononi kama mchezo mkubwa. Tundu nalo litazidi kulika hadi liwe la mviringo uliolala. Nunua pini mpya ya kipimo kilekile, maana ya zamani imeshapoteza sehemu ya springi yake. Safisha tundu kwa brashi ndogo ya duara, pakaa grisi nyepesi, ipige pini hadi iwe sawa pande zote mbili, kisha rudisha klipu inayoishikilia pini na kile kifuniko cha mpira juu yake. Tundu la kifuniko lielekee chini, ili maji yakiingia yapate pa kutokea.