Gitaa ya mjomba: ni ya 1964 kweli?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Kuna jamaa huku Kondele anauza Stratocaster, ile gitaa ya umeme ya kampuni ya Fender ya Marekani, anasema ilikuwa ya mjomba wake aliyekuwa anapiga benga na ati ni ya 1964, anataka laki moja na themanini. Nyuma kwa bamba inayoshika shingo nimeona namba inaanza na L, skrubu zake ni nne, kichwa ni kikubwa, na juu ya nati, kile kipande nyuzi zinapita kuingia kichwani, kuna kitu imetokeza kama risasi. Nimeahidi kuleta pesa Jumamosi. Nichukue? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Omera, hiyo Jumamosi isukume mbele kwanza. Namba za L ni kweli Fender walikuwa nazo miaka hiyo ya 1963 mpaka 1965, lakini bamba ni kipande cha chuma tu, mtu na bisibisi anaibadilisha chai haijapoa, na za kuiga zinauzwa. Wachana nayo, angalia kichwa. Ya 1964 ina kichwa kidogo. Hicho kikubwa kilikuja mwisho wa 1965, baada ya kampuni ya CBS kununua Fender Januari mwaka huo. Na hiyo risasi ndiyo imemchoma huyo jamaa kabisa, hapo ndipo unakaza chuma ya kunyoosha shingo na Fender walianza kuiweka pale 1971, zamani ilikuwa inakazwa huku chini karibu na bodi.

Halafu ngoja, Stratocaster zenye risasi za miaka ya sabini zilikuwa na skrubu tatu nyuma, yako iko na nne. Yaani shingo na bamba hawajuani. Ama vipande vya gitaa mbili vimeozeshwa, ama ni ya kuiga, na Japani walitengeneza nyingi sana wakati huo.

Kama moyo bado unaivuta, mwambie afungue ile plastiki ya mbele ya gitaa ukiwa hapo unaona. Kwa mgongo wa poti, yaani vile vifaa nobu za volyumu na toni zinazungusha, kuna namba imegongwa, tuseme 1377633: 137 ni CTS, kampuni iliyotengeneza poti, 76 ni mwaka 1976, 33 ni wiki. Hiyo ni siku ya kuzaliwa ya poti, sio ya gitaa, lakini kama ni poti ya kiwandani basi gitaa haiwezi kuwa mkubwa wake. Utajuaje ni ya kiwandani? Chungulia solda. Iliyozeeka imefifia, ikiwa inang'aa na waya zimeungua pembeni, fundi alishapita hapo.

Na huku kwetu mafundi wamepita sana, mimi nilishafungua moja nikakuta volyumu ya redio, shafti imekatwa na msumeno ndio nobu iingie. Siwezi kuita hiyo udanganyifu, watu walikuwa na shoo usiku na spea ya Marekani ungeitoa wapi?

Kuhusu bei, ya 1964 yenyewe huenda mamilioni ya shilingi, kwa hivyo laki moja na themanini hainipi raha hata kidogo. Ikilia vizuri kwa amplifaya na shingo haijapinda, lipa bei ya gitaa ya kupiga, basi. Na muulize kama kuna picha ya mjomba akiwa stejini nayo, familia huwa hazikosi albamu, kisha wewe angalia kichwa cha hiyo gitaa tu.