Inakunjika, inajikunja au inakunjwa?

Swali: Ninatafsiri makala ya sayansi kuhusu vitu laini vinavyobadilika umbo. Mimi nimeandika "vinakunjika", mhariri anataka "vinajikunja" kila mahali. Nani yuko sahihi? Na "metamateria", yaani vitu ambavyo sifa zao hutokana na muundo wa ndani kuliko maada yenyewe, ni Kiswahili kweli?

Jibu: Nyote wawili, ila si katika sentensi moja.

Mguse jongoo: anajikunja mwenyewe, nguvu inatoka ndani yake. Chapati iliyokandwa vizuri inakunjika, yaani ukitaka kuikunja haikupasukii. Yenyewe haijafanya lolote. Halafu tazama njeo, yaani wakati wa kitenzi, inavyogeuza maana. "Kitambaa kinakunjika" ni kusema kinaweza kukunjwa. "Kitambaa kimekunjika" ni kusema tayari kina makunyanzi, na aliyekikunja hatajwi. Kiambishi -ik- kimebeba mizigo yote miwili, ndiyo maana kinatusumbua.

Rudi kwenye makala yako. Mkunjo wa karatasi aliobuni Koryo Miura, mwanasayansi wa Japani, hufunguka wote kwa kuvuta pembe mbili tu zinazotazamana, na paneli za sola zilizokunjwa hivyo zilipelekwa angani mwaka 1995. Ukisifu karatasi, andika "hukunjika". Ukieleza kazi ya mtu au mtambo, "hukunjwa". "Hujikunja" hapo ni kuipa karatasi roho isiyokuwa nayo.

Waya wa nitinoli, aloi ya nikeli na titani, ni habari nyingine. Ukiupinda ukiwa baridi, kisha ukautumbukiza kwenye maji ya moto, unajinyoosha mbele ya macho yako. Joto limeuamsha tu, umbo la awali waya ulikuwa nalo. Hapo mhariri wako kashinda. "Unanyooka" si kosa, lakini ajabu yote imepotea.

Kuna na sponji aliyoieleza Roderic Lakes, mwanasayansi Mmarekani, mwaka 1987. Kipande cha tyubu tunachofungia mzigo kwenye baiskeli ukikivuta hukonda; sponji ile ukiivuta hunenepa. Nimeandika "hunenepa" makusudi. Wengi wangesema "hupanuka kwa upana", na mimi sentensi ya namna hiyo huifuta bila kufikiri mara mbili.

Sponji hiyo hiyo inajibu swali lako la pili. "Metamateria" ni neno la kukopa, liache lilivyo, liende na ngeli ya i-/zi-: metamateria hii, metamateria hizi. Nimewahi kuona pendekezo la "maada mpya". Silitaki, kwa sababu linapotosha. Lakes alichukua sponji ya kawaida, akaigandamiza pande zote, akaipasha moto mpaka ikalainika, akaiacha ipoe. Plastiki ni ile ile. Kilichobadilika ni kuta za vitundu vyake, ambazo sasa zimekunjika kwa ndani. Zimekunjika, naam, wala hazikujikunja.